Daktari amependekeza upasuaji wa miguu kwa mwanangu mwenye mtindio wa ubongo: je, atatembea?

SWALI

Mshauri, salaam sana.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Pangani, mkoani Tanga. Mwanangu wa pili, Idrisa, ametimiza miaka saba. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akachelewa kulia, na siku ya tatu alipata manjano hadi akalazwa. Aliweza kukaa bila kushikiliwa alipokaribia miaka miwili, na alianza kusimama kwa kushika kitanda akiwa na miaka minne. Hivi sasa anatembea kwa kushika ukuta wa baraza au mkono wa dada yake, kwa ncha za vidole, magoti yakiwa yamekunjika na mapaja yakigongana. Viatu vyake vyote huisha soli mbele huku kisigino kikiwa kipya. Anaelewa kila kitu na anahesabu hadi mia, ingawa baadhi ya maneno hayatoki vizuri. Ana kifafa, lakini kimetulia kwa dawa.

Mwezi uliopita tulimpeleka katika hospitali moja kubwa. Daktari alimlaza kitandani, akamkunjakunja miguu, akasema kano za visigino zimefupika na zinatakiwa kurefushwa kwa upasuaji, kisha akatupatia tarehe. Hakumwona akitembea, na hatukuelezwa nini kitafuata baada ya plasta kutolewa. Tangu siku hiyo kila mtu nyumbani ana kauli yake. Mume wangu anaamini kwamba miguu ikishanyooshwa, mwakani mtoto atacheza mpira na wenzake. Mama mkwe hataki kusikia habari ya kisu. Anasema tuendelee kumkanda kwa mafuta ya nyonyo na kumfukia hadi kiunoni kwenye mchanga wa pwani, eti ndivyo miguu inavyonyooka. Shemeji yangu aliyeko Muscat ametutumia video ya mtoto aliyekatwa neva za mgongoni, na nyingine inayosifu sindano za seli shina, naye anasema tuuze kiwanja tumpeleke nje.

Naomba kujua: tukubali upasuaji huu? Akishafanyiwa, atatembea mwenyewe? Je, nusukaputi ni salama kwa mtoto mwenye kifafa? Na nimwandikishe darasa la kwanza Januari, au nisubiri hadi apone?

Mama Idrisa, Pangani

JIBU

Mama Idrisa, pole kwa kulea, na ahsante kwa kueleza hali ya mtoto kwa uangalifu kiasi hiki. Maelezo yako juu ya magoti yake na soli za viatu vyake yamenisaidia kuliko cheti chochote. Ushauri wangu ni kwamba msiikubali tarehe hiyo kwa sasa. Sisemi hivyo kwa kuwa upasuaji ni mbaya, maana huenda Idrisa akauhitaji kweli, bali kwa sababu uamuzi umefanyika kabla mtoto hajapimwa inavyostahili na kabla mpango wa mazoezi ya baadaye haujakuwapo. Nakushauri usipange siku ya kuingia chumba cha upasuaji mpaka uwe na jina la mtu atakayemsimamia mazoezi na siku za kumwona.

Kwanza tuelewane upasuaji unagusa nini. Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha lililoupata ubongo ukiwa bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Jeraha lenyewe halienei, lakini athari zake kwenye misuli na mifupa hubadilika kadiri mtoto anavyokua, kwa kuwa mfupa hurefuka kila mwaka ilhali msuli uliokaza haurefuki kwa kasi hiyo, na ndiyo maana mtoto aliyekuwa akikanyaga chini vizuri akiwa na miaka mitatu anaweza kunyanyuka visigino akifika saba. Daktari wa mifupa hawezi kuutibu ubongo. Anachoweza ni kurefusha msuli, kuhamisha kano au kunyoosha mfupa uliojipinda. Amri za ubongo kwa miguu zitabaki zilezile, na ni mazoezi pekee yanayomfundisha mtoto kuitumia miguu iliyorekebishwa.

Sasa nirudi kwenye hayo magoti, kwa sababu hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Mtoto anayetembea kwa ncha za vidole si lazima awe na kano fupi ya kisigino. Simama wewe mwenyewe, kunja magoti kidogo huku ukijaribu kubaki wima, uone jinsi visigino vinavyotaka kunyanyuka. Mtoto ambaye misuli ya nyuma ya paja au ya nyonga imekaza hujikuta katika hali hiyo siku nzima, na kigimbi chake ndicho kinachomzuia asididimie. Kano ya kisigino ikirefushwa kupita kiasi kwa mtoto kama huyo, visigino vitagusa chini, wazazi watafurahi kwa miezi kadhaa, kisha magoti yatazidi kukunjika mwaka hadi mwaka mpaka atembee kama aliyechuchumaa nusu, akichoka upesi na kuumwa magoti. Hali hiyo ni ngumu sana kuirekebisha, kwani kano iliyolegezwa mno hairudishwi kirahisi, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto ambao miguu yote miwili imeathirika, kama wako.

Kwa hiyo daktari anapaswa kumtazama Idrisa akitembea, bila viatu na akiwa amevaa kaptula, kwa mbele na kwa ubavuni. Kitandani, anapaswa kuusukuma unyayo kuelekea juu mara mbili: mara moja goti likiwa limenyooka, na mara ya pili likiwa limekunjwa. Unyayo ukigoma goti likinyooka lakini ukakubali likikunjwa, tatizo liko kwenye msuli wa juu wa kigimbi tu, na kurefusha kano nzima kungekuwa kukata zaidi ya kinachohitajika. Kipimo hiki huchukua dakika moja na hakina gharama, na mzazi ana haki ya kuomba kifanyike mbele yake. Kama mna simu yenye kamera, mrekodini akitembea barazani kwa siku ya kawaida, kwa sababu watoto wengi hukakamaa zaidi mbele ya daktari.

Kuna jambo jingine ulilolitaja kwa kupita, nalo ni manjano. Manjano makali kwa mtoto mchanga yanaweza kuacha aina ya mtindio wa ubongo ambayo misuli haikazi kwa namna moja, bali hubadilika: leo mguu umelegea, mtoto akifurahi au akikasirika unajipinda, na matamshi nayo huwa mazito. Kwa watoto wa aina hiyo, matokeo ya kurefusha kano hayatabiriki, na wakati mwingine mguu hupinduka upande wa pili baada ya upasuaji. Huenda Idrisa hayumo katika kundi hilo, maana kuzaliwa njiti huleta zaidi ile aina ya kukaza moja kwa moja, lakini swali hili ni lazima lijibiwe na daktari kabla ya kisu kushikwa. Mtajie historia hiyo hata kama hakuuliza.

Tena, ombeni picha ya eksirei ya nyonga. Naandika hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi, kwani nyonga inayoteleza kutoka kwenye tundu lake huanza kimya bila maumivu. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Victoria, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba takriban asilimia 35 ya watoto wenye mtindio wa ubongo walipata tatizo hilo. Miongoni mwa wanaotembea vizuri kabisa halikuonekana, lakini kwa wale wasioweza kujitegemeza walifikia asilimia 90. Mtoto anayetembea kwa kushikilia, na ambaye mapaja yake yanagongana, yuko katikati ya hapo. Picha ikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 30 ya kichwa cha mfupa wa paja kimetoka nje ya tundu, basi mpango mzima wa upasuaji hubadilika, na visigino vinaweza kusubiri.

Ikithibitika kwamba kuna sehemu kadhaa za kurekebishwa, yaani nyonga, nyuma ya magoti na visigino, ni afadhali zifanyike pamoja katika usingizi mmoja kuliko moja mwaka huu na nyingine mwakani. Zamani utaratibu ulikuwa huo wa kidogokidogo, hadi Mercer Rang, daktari wa mifupa ya watoto wa Toronto, akausema kwa kejeli kuwa ni ugonjwa wa siku ya kuzaliwa: kila mwaka siku hiyo inamkuta mtoto wodini, miguu imo ndani ya plasta. Umri wa Idrisa si kikwazo. Kurefusha kano mapema sana, kwa mfano akiwa na miaka mitatu au minne, mara nyingi huleta kurudi kwa tatizo kwa kuwa bado anakua sana. Madaktari wengi hupendelea kati ya miaka sita na kumi, kwa hiyo mkisubiri miezi michache ili apimwe vizuri hamtapoteza kitu.

Je, atatembea mwenyewe? Hapa nitasema ukweli ambao baba yake naye anapaswa kuusikia. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada walichapisha mfumo wa madaraja matano ya uwezo wa watoto hawa, unaotumika sasa duniani kote. Wa daraja la kwanza hutembea na kukimbia bila msaada, wa tatu hutembea kwa kushika kifaa mkononi, na wa tano hubebwa au kusukumwa kwenye kiti mwendo. Kwa maelezo yako, Idrisa anaelekea kuwa daraja la tatu. Tafiti za watu haohao zilionyesha kwamba kufikia umri wa miaka mitano hivi mtoto huwa amekwisha kufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wake wa kukaa, kusimama na kutembea, na upasuaji wa mifupa kwa kawaida haumhamishi mtoto kutoka daraja moja kwenda jingine. Unachoweza kumpa ni kukanyaga kwa unyayo mzima, kusimama wima zaidi, kuvaa viatu na splinti (vishikizo vya plastiki vya kushikilia mguu) bila vidonda, kutembea mbali zaidi kwa magongo au kigari cha kushikilia, na kutopoteza hatua alizo nazo atakapokuwa kijana mwenye mwili mzito. Hayo ni mengi. Lakini mpira wa mwakani msimwahidi, kwa sababu mtoto anayehesabu hadi mia anaelewa pia ahadi isiyotimizwa.

Sasa kuhusu kile ambacho hamkuelezwa. Baada ya kurefushwa kano, miguu hukaa ndani ya plasta kwa wiki nne hadi sita hivi. Ikiwa mfupa umekatwa, muda huwa mrefu zaidi. Siku za mwanzo si maumivu tu yanayomsumbua mtoto, bali pia misuli inayoshtuka na kukakamaa ghafla ndani ya plasta, na dawa za maumivu peke yake haziitulizi. Ulizeni kabla kama ataandikiwa dawa ya kutuliza mikakamao. Tazama vidole vyake asubuhi na jioni: vikiwa baridi, vya bluu au vimevimba, au akilia bila kutulia, au plasta ikitoa harufu, mrudishe hospitali siku hiyohiyo. Kisigino kisilale kwenye godoro. Weka kanga iliyokunjwa chini ya kigimbi ili kisigino kining'inie, kwani kidonda cha kisigino kinaweza kuchelewesha mazoezi kwa muda mrefu.

Siku plasta inapotolewa ndiyo siku ambayo familia nyingi hukata tamaa, kwa sababu mtoto aliyekuwa akitembea kwa kushika ukuta sasa hawezi hata kusimama. Msiogope, kwani msuli uliorefushwa huwa dhaifu, na miezi mitatu hadi sita ya kwanza ni ya kurudi alipokuwa; faida yenyewe hupimwa baada ya mwaka. Splinti za plastiki za kifundo cha mguu ziwe tayari siku hiyo, si mwezi mmoja baadaye, la sivyo kano itaanza kujikunja tena. Ombeni vipimo vichukuliwe mapema. Hapa nchini mafundi wake wanapatikana, kwani chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha kazi hiyo tangu mwaka 1981. Akitoka kwenye plasta msimwinue wala kumgeuza kwa nguvu, maana mifupa iliyokaa bila kubeba uzito hupungua uimara na inaweza kuvunjika kwa jambo dogo.

Mazoezi ninayoyazungumzia si mtoto kulala chali huku mtu mzima akimvuta miguu. Mapitio ya tafiti za miaka ya karibuni yameonyesha kwamba kunyooshwa kwa mikono kwa dakika chache kunasaidia kidogo mno, ilhali kinachosaidia ni mtoto mwenyewe kurudiarudia tendo analotaka kulimudu. Mwulize Idrisa anataka nini. Akisema anataka kupanda ngazi za baraza bila kubebwa, hilo ndilo zoezi: ainuke kutoka kwenye kigoda na kukaa tena, mara kumi, apumzike, arudie, atembee kiubavuubavu akiegemea ukuta, apande ngazi moja na kushuka. Baba yake anaweza kuchimbia uani fito mbili sambamba zenye kimo cha kiuno cha mtoto, na umbali baina yake utoshe mwili na viwiko. Hofu ya zamani kwamba kuimarisha misuli huongeza ukakamavu haina msingi. Kwa kunyoosha magoti na nyonga, alale kifudifudi kwenye mkeka nusu saa anaposoma au kutazama televisheni, kuliko kukaa kitini siku nzima. Mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali ya mkoa akimwona mara chache na kukufundisha wewe na dada yake, kazi kubwa itafanyika nyumbani kwenu. Na ianze sasa, kabla ya upasuaji: mtoto aliyezoea mazoezi haogopi akiombwa kuyafanya huku akiumwa.

Nusukaputi kwa mtoto mwenye kifafa hutolewa kila siku, ila inahitaji maandalizi. Dawa ya kifafa isikatishwe, hata asubuhi ya upasuaji. Uliza atakunywa na maji kiasi gani, kwa kuwa chakula hukatazwa saa kadhaa kabla. Kama dawa yake ni valproeti, mtajie daktari, maana inaweza kuathiri kuganda kwa damu. Apimwe wingi wa damu, na akiwa na kikohozi au homa, tarehe isogezwe bila kuona haya. Mtaalamu wa usingizi azungumze nanyi uso kwa uso kabla ya siku yenyewe.

Kwa mama mkwe, kumkanda kwa mafuta hakuna ubaya, na mtoto hufurahia mkono wa bibi yake; asimvute tu kwa nguvu. Kumfukia kwenye mchanga sikubaliani nako: wazo la kumsimamisha si la kijinga, lakini mchanga hauwezi kurekebishwa ukambana nyonga vibaya, na ndani yake mtoto hajifunzi kitu. Fundi seremala anaweza kutengeneza meza ya kusimamia yenye mikanda, kwa vipimo vya mtaalamu wa mazoezi tiba.

Kuhusu video za Muscat, upasuaji wa kukata baadhi ya nyuzi za neva mgongoni ni tiba ya kweli, na mbinu yake ya kisasa ilijengwa barani kwetu na Warwick Peacock katika hospitali ya watoto ya Red Cross, Cape Town, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hupunguza ukakamavu moja kwa moja na haurudishwi, hufaa watoto waliochaguliwa kwa makini, wenye nguvu za kutosha chini ya ukakamavu huo, na hudai mazoezi mazito kwa mwaka mzima au zaidi. Kano ambayo imekwisha kufupika haiirefushi. Seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, ni habari nyingine kabisa: mpaka sasa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuiuza kama tiba ya mtindio wa ubongo, na anayedai malipo makubwa kwa ajili yake anauza tumaini. Kiwanja msikiuze.

Ombeni rufaa kwa maoni ya pili mahali penye daktari wa mifupa ya watoto na watu wa mazoezi chini ya paa moja. Hospitali ya CCBRT na Taasisi ya Mifupa MOI zipo Dar es Salaam, KCMC ipo Moshi. Kutoka Pangani mnaweza kuchagua kwa kutazama wapi mna ndugu wa kufikia, kwa sababu mtarudi mara nyingi. Gharama zikiwazidi, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulazwa, mkiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, wala msisubiri siku ya kuruhusiwa. Baba aende nanyi, asikie mwenyewe yale niliyoandika kuhusu mpira.

Mwandikishe darasa la kwanza Januari. Upasuaji huu si wa dharura, unaweza kupangwa uangukie likizo ndefu, na plasta ikizidi likizo atakosa wiki chache tu, si mwaka. Nenda umwone mwalimu mkuu mapema, umwombe dawati karibu na mlango na kiti chenye mikono ili Idrisa aweze kujiinua mwenyewe, ukague kama choo kina kitu cha kushika, na mkubaliane nani atamsaidia wakati wa mapumziko.